Namba 19074: Kutofautisha Bastola za Browning za Zamani na za Baadaye

Katika daftari langu la historia la shule ya sekondari kuna sentensi niliyoinakili kutoka ubaoni bila kuitafakari. Inasema kwamba tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip alimuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe Sophie, kwa bastola aina ya Browning ya mwaka 1900. Niliibeba sentensi hiyo hadi chuoni. Nilipoitumia tena katika kazi ya semina, mhadhiri wangu hakuikata kwa kalamu nyekundu. Aliandika pembeni neno moja tu: "Umejuaje?"

Insha hii ni jibu langu kwa swali hilo, na jibu lenyewe ni kwamba sikujua. Sentensi ile ina kosa. Kosa hilo limo katika vitabu vingi vilivyoandikwa na watu wazito kuliko mimi, na lilidumu kwa miongo mingi. Ili kulisahihisha haikuhitajika hati mpya ya siri. Ilitosha mtu kuitazama bastola yenyewe, kujua ya zamani inafananaje na ya baadaye inafananaje, kisha kusoma namba iliyochongwa juu yake. Niseme mapema kwamba mimi sijawahi kushika bastola wala sitamani. Burundi imeona silaha za kutosha. Lakini mwanahistoria anayesoma sufuria, sarafu na misumari ya reli kama ushahidi hana sababu ya kuiruka bastola.

Tuanze na kiwanda. Fabrique Nationale, au FN kwa kifupi, ilianzishwa mwaka 1889 huko Herstal, karibu na mji wa Liège nchini Ubelgiji, ili kutimiza zabuni ya kuliundia jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za Mauser. Zabuni ilipoelekea ukingoni, kiwanda kilikuwa na mashine nzuri na mafundi hodari lakini hakikuwa na kazi ya kutosha. Ndipo kilipokutana na Mmarekani John Moses Browning wa Ogden, Utah, ambaye alikuwa na michoro ya bastola inayojishindilia risasi yenyewe. Kiwanda kilipata bidhaa na Browning akapata kiwanda. Uhusiano huo haukuvunjika hadi alipofariki dunia mwaka 1926, akiwa huko huko Herstal kazini.

Bastola yao ya kwanza ndiyo tunayoiita leo Browning 1900. Iliuzwa kwa mamia ya maelfu, zaidi ya 700,000 kwa jumla, idadi ambayo hakuna bastola ya namna hiyo iliyokuwa imewahi kuifikia. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kwa upande wa lugha. Katika Kifaransa, neno "browning" likaacha kuwa jina la mtu, likawa jina la kitu: bastola yoyote ndogo ya kujishindilia. Sisi tunalijua jambo hili vizuri sana. Mtu hutumwa dukani kuleta "kolgeti" akarudi na dawa ya meno ya kampuni nyingine kabisa, na hakuna anayemgombeza.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa. Serikali ya Austria-Hungaria ilipoipelekea Serbia masharti yake makali tarehe 23 Julai 1914, iliambatanisha muhtasari wa uchunguzi. Katika muhtasari huo mabomu yanaelezwa kwa makini: ni mabomu ya mkono, na yanatoka katika ghala la silaha la Kragujevac. Kuhusu bastola, muhtasari unasema zilikuwa nne, pamoja na risasi zake, na kwamba vijana walikabidhiwa Belgrade na Milan Ciganović na Meja Voja Tankosić. Aina yake? Browning, basi. Kwa msomaji wa mwaka 1914 hilo lilitosha. Kwa mwandishi wa mwaka 1950 au 1980 aliyetaka kuongeza maelezo kidogo, lilikuwa mtego. Aliposikia "Browning" alifikiria ile iliyokuwa maarufu zaidi.

Na umaarufu wa ile ya 1900 haukuwa wa mauzo peke yake. Eugen Schauman aliitumia kumpiga risasi Gavana Mkuu wa Urusi nchini Finland, Nikolai Bobrikov, mjini Helsinki mwaka 1904. An Jung-geun, mzalendo wa Korea, alimuua nayo Itō Hirobumi wa Japani katika kituo cha treni cha Harbin tarehe 26 Oktoba 1909. Bastola iliyokwisha kuandikwa mara mbili katika mauaji ya kisiasa ilionekana kufaa tu kuandikwa mara ya tatu. Naelewa kwa nini waandishi waliteleza. Lakini kufaa si ushahidi.

Sasa tuzitazame zenyewe, kwa sababu mtu akiziweka sambamba hawezi kuzichanganya tena.

Ile ya 1900 ukiitazama kwa mbele, unaona kama mabomba mawili yamelaliana. Mtutu, yaani bomba linalopitisha risasi, uko chini. Juu yake kuna bomba jingine lililoficha springi. Kwa hiyo sehemu ya mbele ni nene kwenda juu na inaonekana kama ya bastola mbili zilizounganishwa. Ubavuni kuna vichwa vya skrubu vinavyoonekana waziwazi. Kwenye swichi ya usalama kuna maneno ya Kifaransa yanayoonyesha lini bastola iko tayari kufyatuka na lini imezuiwa. Hata ndani ya aina hii moja kuna za mwanzo na za mwisho: zile za miaka ya kwanza zina vibao vidogo vya mpini vyenye picha ya bastola yenyewe pamoja na herufi FN, ilhali za baadaye zina vibao vikubwa zaidi vyenye herufi FN peke yake. Mtu aliyezoea huitambua ya zamani kwa kutazama mpini tu.

Ile ya 1910 ni kiumbe kingine. Browning aliiondoa springi juu ya mtutu akauvalisha mtutu springi hiyo kama bangili inavyovaliwa mkononi. Bomba la pili likatoweka. Bastola ikawa nyembamba, laini, bila pembe za kunasa mfukoni; hata vilengeo vya kulengea vilizamishwa katika mfereji mwembamba unaopita juu. Skrubu za ubavuni hazipo tena. Mbele kabisa kuna pete ya chuma yenye mikwaruzo ya kushikia vidole, ambayo ndiyo inayozuia mtutu na springi visitoke. Nyuma ya mpini kuna kibonyezo cha usalama: bila kiganja kukikandamiza, bastola haifyatuki. Mtutu ni kama milimita 87, na bastola nzima haifiki sentimita 16. Kama ningeambiwa nichague alama moja tu ya kumfundisha mwenzangu, ningechagua ile pete ya mbele. Aina ya 1900 haina pete hiyo kabisa.

Jambo moja huwatatiza wanaoanza: mwaka haukuandikwa ubavuni. Maandishi yanataja jina la kiwanda, mji wa Herstal na nchi ya Ubelgiji, na yanasema kwamba hataza ni ya Browning. "1900" na "1910" ni majina ya kupangia, hayamo katika chuma. Ndiyo maana mtu aliyesoma maandishi bila kutazama umbo anaweza kuondoka na jibu lolote analotaka. Tena 1910 si mwaka wa bastola za kwanza kumfikia mnunuzi. Uundaji wa kuuzwa ulianza kama mwaka 1912, miaka miwili tu kabla ya Sarajevo.

Tofauti nyingine iko katika risasi. Ile ya 1900 iliundwa kwa kipenyo kimoja, milimita 7.65. Ile ya 1910 iliundwa kwa vipenyo viwili, 7.65 na 9 fupi, na magazini yake huchukua risasi saba za kile kidogo au sita za kile kikubwa. Bastola za Sarajevo zilikuwa za milimita 9 fupi. Hii peke yake inatosha kuiondoa aina ya 1900 mahakamani. Mtu angeweza kubishana kuhusu picha yenye ukungu au kumbukumbu ya shahidi, lakini risasi ya 9 haiingii katika mtutu wa 7.65.

Kisha kuna namba. Wachunguzi wa Sarajevo waliziandika: 19074, 19075, 19120 na 19126. Ile inayotajwa zaidi kuwa ya Princip ni 19074. Sasa chukua namba hiyo uiweke katika kila mfululizo. Kiwanda kilianza kuhesabu kila aina upya. Ikiwa 19074 ni ya aina ya 1900, basi imetoka katika miaka ya mwanzo kabisa ya uundaji, kwa sababu bastola ya An Jung-geun ya mwaka 1909 ilikuwa na namba 262336. Ingekuwa chuma kikuukuu mwaka 1914, kilichokaa miaka kumi na zaidi, kimepita mikononi mwa watu wasiojulikana. Ikiwa 19074 ni ya aina ya 1910, basi ni bastola karibu mpya, iliyotoka kiwandani muda mfupi kabla ya kutumika. Namba ni ile ile, lakini historia mbili zinazotoka ndani yake hazifanani hata kidogo.

Na hapa ndipo ninapoona kwamba suala hili si la wakusanyaji wa vyuma peke yao. Swali zito la Julai 1914 lilikuwa: nani aliwapa vijana hawa silaha? Austria ilidai kwamba mkono ulikuwa wa maofisa wa Serbia, na juu ya dai hilo ilijenga masharti yaliyoleta vita. Picha ya vijana maskini wenye bastola ya mtumba inaelekea upande mmoja. Picha ya bastola nne mpya, za aina moja na kipenyo kimoja, namba mbili zikifuatana na nyingine mbili zikiwa jirani, inaelekea upande mwingine: mzigo mmoja, ununuzi mmoja, fedha za mtu mmoja au kikundi kimoja. Nisiseme kupita kiasi. Upya wa bastola hauthibitishi kwamba serikali ya Belgrade ilijua; mtu binafsi mwenye fedha angeweza kununua mpya pia. Lakini unathibitisha kwamba vijana wale hawakuokota silaha mbalimbali huku na huko. Mwandishi aliyeandika "1900" alifuta ushahidi huo bila kukusudia.

Bastola zenyewe zilikuwa na safari yake. Padri Mjesuiti Anton Puntigam, aliyewapa Franz Ferdinand na mkewe mpako wa mwisho, alikusanya vitu vya siku ile akiwa na nia ya kuanzisha makumbusho. Nia hiyo haikutimia. Alifariki mwaka 1926, na vitu vikabaki mikononi mwa Wajesuiti wa Austria bila kutazamwa na umma. Mwaka 2004, miaka 90 baada ya mauaji, vilikabidhiwa kwa Makumbusho ya Historia ya Jeshi mjini Vienna, ambako gari lililombeba Franz Ferdinand siku ile lilikuwa likionyeshwa tayari. Kuanzia hapo mtu yeyote mwenye nauli anaweza kwenda kuiona pete ya mbele na mtutu usio na bomba la pili juu yake. Hata hivyo vitabu haviendi Vienna. Bado ninakutana na "1900" katika maandishi mapya.

Vita vilipoanza, Ubelgiji ilivamiwa tarehe 4 Agosti 1914. Wakuu wa kiwanda cha Herstal walikataa kuwafanyia kazi Wajerumani, na uundaji ukasimama. Kwa hiyo bastola za aina ya 1910 zina pengo katikati ya maisha yake: za kabla ya vita, kisha kimya, kisha za baada ya mwaka 1918. Upande wetu wa dunia, majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yaliingia Usumbura, Bujumbura ya leo, mwezi Juni 1916, na kufika Tabora mwezi Septemba. Nyanya yangu husimulia kwamba babu yake alichukuliwa kubeba mizigo kuelekea mashariki na hakurudi. Katika simulizi lake hakuna Sarajevo wala Browning. Kuna mzigo na njia tu. Mimi ndiye niliyeunganisha, kwa kuwa nimesoma.

Sura inayofuata ya bastola hii inanishangaza kila ninapoifikiria. Mwaka 1923, Ufalme wa Waserbia, Wakroati na Waslovenia, nchi iliyozaliwa kutokana na vita ile ile, ulitaka bastola kwa ajili ya jeshi lake. Ukaiendea FN. Oda ilikuwa ya bastola 60,000, lakini ile ya mfukoni ilionekana ndogo mno kwa askari. Mafundi hawakuchora upya. Waliurefusha mtutu hadi milimita 113 au karibu na hapo, wakaurefusha mpini ili uchukue risasi zaidi, na kwa kuwa hawakutaka kubadilisha mashine za kuchongea sehemu ya juu, wakaongeza kipande cha chuma mbele yake kinachofungwa kwa kuzungushwa. Hiyo ndiyo aina ya 1922. Ukiona Browning inayofanana na ya 1910 lakini ina mstari wa kiungo karibu na mdomo wa mtutu, umeshaipata. Zile za oda hiyo ya kwanza zina maandishi ya Kisirili ya jeshi la ufalme huo. Nchi iliyoanza kuwaza uhuru wake kwa Browning ya 1910 ikajinunulia mtoto wake wa 1922; hakuna mtunzi wa riwaya ambaye angethubutu kulitunga hilo.

Wajerumani walirudi Herstal mwezi Mei 1940, na safari hii kiwanda kilifanya kazi chini yao hadi mwaka 1944. Hapa kutambua ya mwanzo na ya mwisho kunakuwa rahisi kwa macho na kuzito kwa moyo. Bastola za aina ya 1922 za kipindi hicho zina mhuri mdogo wa tai na herufi WaA, alama ya wakaguzi wa jeshi la Ujerumani, zikifuatwa na namba: 613 kwa zile za kwanza, kisha 103, na mwishoni 140, ambayo ilitumika muda mrefu kuliko nyingine. Wajerumani waliziita 626(b) zile za milimita 7.65 na 641(b) zile za milimita 9, ile herufi b ikimaanisha Ubelgiji. Na kadiri vita vilivyosonga mbele ndivyo kazi ya mikono ilivyozorota. Zile za mwanzo bado zina weusi wa kung'aa wa Herstal. Za mwisho zina mikwaruzo ya mashine ambayo hakuna aliyeisugua, na vibao vya mpini vya mti badala ya vile vyeusi vya kawaida. Hapo ndipo mwanafunzi anapojifunza kwamba "ya baadaye" haina maana ya "bora".

Baada ya vita aina ya 1910 ilirudi sokoni, safari hii ikielekea zaidi Marekani, ambako iliuzwa kwa jina la Browning 380 na sasa huitwa na wakusanyaji aina ya 1955. Umbo ni lile lile la mwaka 1910, ila maandishi ya ubavuni ni ya Kiingereza na yanataja kampuni ya Browning ya Marekani, na hilo humwokoa mnunuzi asiuziwe "bastola ya wakati wa Princip" iliyotoka kiwandani wakati baba yake anasoma shule ya msingi. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 iliziba njia ya bastola ndogo za mfukoni kutoka nje. FN ikajibu kwa aina ya 1971: mtutu mrefu zaidi, vilengeo vinavyorekebishwa, na kipande cha kuegemeza kidole chini ya magazini. Ukweli ni kwamba vitu hivyo viliongezwa ili forodha ipitishe, si kwa sababu mpigaji alivihitaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uundaji ukakoma.

Nilipomrudishia mhadhiri kazi yangu niliandika: FN Browning aina ya 1910, milimita 9 fupi, namba 19074, moja ya nne. Alisoma, akavua miwani. "Haya," akasema, "na hao vijana wengine watatu, namba zao zilikuwa nani na nani?" Nikamwambia namba tatu zilizobaki. Ni nani aliyebeba ipi, nimeanza kulitafuta katika kumbukumbu za kesi ya Oktoba 1914.